Jina la Atakayebaki

Giza lilikuwa linaanza kuingia Kalamu alipotoka jikoni na feni ya mezani, akavuka ua kuelekea stoo. Jina hilo alibandikwa kwa kazi yake ya kuchora katuni, akalizoea. Ndani ya stoo, kwenye rafu za mbao, alikuwa amepanga kompyuta chakavu alizonunua kwa mjane mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya ofisi ya mumewe. Zilikuwa za kupika picha, yaani kugeuza michoro yake kuwa filamu. Katuni fupi tu ina maelfu ya picha, na kompyuta moja ingekuzeesha kabla haijamaliza. Ukiziunganisha nyingi za bei poa, zinagawana mzigo. Na kesho asubuhi kituo cha televisheni kilikuwa kinaisubiri filamu. Kalamu alikuwa ameacha ajira kwa ajili ya filamu hiyo. Ikikosa kufika, hana pa kurudi.

Mchana, shemeji yake, fundi kompyuta aliyemwoa mdogo wake, alikuwa amemwonya.

"Shem, huu mfumo uliomo humu si wako. Leseni ni ya mwenyewe. Futa, tuweke ule wa bure." Akamwachia flashi yenye mfumo huo juu ya rafu.

"Nikifuta leo, nianze kufunga kila kitu upya, nitamaliza lini? Nikikabidhi tutafuta."

"Basi angalau mwombe ruhusa yule mama."

Hakumwomba. Aliwasha zote kwa pamoja. Kila kioo kikaleta maneno yaleyale: *Leseni hii ni ya mtu mmoja. Haihamishiki.* Chini yake, kitufe cha Nakubali. Akabonyeza moja baada ya nyingine, huku anaongea na simu.

Sasa aliinama kuchomeka feni.

Paa!

Mlango wa chuma ulijifunga nyuma yake.

"Upepo huu nao," alisema. Akavuta komeo. Halikutikisika. Akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Nguo zilikuwa kwenye kamba, zimetulia tuli. Hapakuwa na upepo wowote.

Watoto walikuwa kwa bibi yao. Nyumba ilikuwa tupu. Alimpigia shemeji.

"Nakuja sasa hivi," shemeji alisema. "Usiguse kitu."

Akakaa kwenye ndoo, akangoja. Joto likapanda. Kukawa na harufu... si ya waya kuungua. Ilikuwa harufu ya shati lililovaliwa siku nyingi bila kufuliwa. Na feni ndogo zilizomo ndani ya mashine, ambazo kila moja ilikuwa na mlio wake, sasa zilikuwa zinavuma pamoja. Zinavuta... zinatua. Zinavuta... zinatua.

Kama mtu aliyelala.

Ili ajisahaulishe, akatazama picha zilizokwisha kupikwa. Mbuzi wake anayetaka kuwa rubani alikuwa amesimama uwanjani. Nyuma ya mbuzi palikuwa na kiti. Kwenye kiti, mwanamume amekaa, amempa mgongo.

Kalamu hakuchora mwanamume yeyote.

Akatazama mashine ya pili, iliyokuwa inapika picha inayofuata. Mtu yule alikuwa amegeuza shingo kidogo. Ya tatu, likaonekana sikio. Ya nne, shavu.

Hakutazama ya tano. Alirukia swichi kubwa ukutani, akaizima. Taa ikazimika. Feni ya mezani ikasimama.

Vioo vikabaki vinawaka.

Akatafuta namba ya mjane. Simu ikapokelewa haraka mno, kana kwamba mama yule alikuwa ameikalia.

"Mama, samahani... zile kompyuta..."

"Umeziwasha zote pamoja?" Sauti ya mjane ilikuwa ya kunong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Ya Rabi. Mimi sijawahi kuthubutu. Mwanangu, mume wangu alijifungia ofisini na mashine zake, hakutoka. Walipovunja mlango walikuta kiti kina joto. Mtu hayupo. Sisi hatukuzika mwili. Tulizika koti."

"Ananitaka nini?"

"Sijui. Ila akikuuliza jina, usimpe."

Simu ikakatika. Vioo vyote vikawa vyeupe kwa mpigo mmoja, na maandishi yakajipanga.

*Andika jina la atakayebaki.*

Hapo hapo mlango ukagongwa. Taratibu.

"Shem." Ilikuwa sauti ya shemeji. "Niko hapa. Niambie jina lako kamili nikufungulie."

Nusura amjibu. Mdomo ulishafunguka. Lakini shemeji alikuwa shahidi kwenye ndoa yake, jina lake analijua herufi kwa herufi. Na sauti ile haikutoka nje. Ilitoka chini ya mlango, karibu kabisa na sakafu.

Akajiziba mdomo kwa viganja.

"Jina tu, shem... Jina tu..."

Alipapasa rafuni, akaipata flashi. Akaichomeka kwenye mashine ya kwanza, akaamuru ifute kila kitu. Ikakoroma, ikanyamaza. Sauti mlangoni ikakatika. Akaenda ya pili. Ya tatu. Kila aliyoifuta ilipokufa, harufu ilizidi, na pumzi iliyobaki ikawa nzito zaidi katika zile nyingine, kana kwamba mtu anahamishwa chumba hadi chumba, ananyimwa pa kukaa.

Ikabaki moja.

Kwenye kioo hicho hapakuwa na mbuzi wala uwanja. Uso tu. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, paji la uso limegusa kioo kwa ndani. Hakuonekana mkali. Midomo ilikuwa inatamka kitu kilekile bila sauti.

*Usinifute.*

Kidole cha Kalamu kilikuwa juu ya kitufe. Jasho likamwingia machoni. Huyu naye alikuwa amefungiwa, tena kwa muda mrefu kuliko yeye.

"Sikufuti," alinong'ona. "Nitakurudisha kwa mkeo. Nifungulie."

Akaondoa kidole kwenye kitufe.

Komeo likalia: ka.

Shemeji alimkuta amekaa chini uani, anatetemeka kwa baridi katika joto lile. Hakuuliza maswali mengi. Waliweka mfumo wa bure kwenye mashine zilizofutwa, wakanakili upya michoro iliyokuwa kwenye kompyuta yake ya ndani, mlango wameuzuia kwa jiwe, na zikapika mpaka alfajiri bila hata doa. Filamu ikakabidhiwa, na wakubwa wa kituo wakaisifu.

Mchana huohuo Kalamu alimwarifu mjane kwa simu, akaibeba ile iliyobaki mpaka nyumbani kwake. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na kujipaka wanja. Meza ilikuwa imeshafutwa. Viti viwili.

"Alikuuliza?" mjane aliuliza.

"Aliuliza. Sikumpa."

"Umefanya vizuri, mwanangu." Akaipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto. "Asante kwa kunirudishia. Sasa nenda, usikae."

Mlango ukafungwa. Komeo likashushwa kwa ndani.

Kalamu alikuwa amefika getini aliposikia mashine ikiwaka. Kisha vitufe... kimoja... kingine... Kidole kimoja cha mtu asiyezoea kuandika, kinatafuta herufi, kinabonyeza, kinatafuta tena. Lilikuwa jina refu.

Alijua mama anaandika jina lake mwenyewe, na kwamba angeweza kurudi na kugonga.

Akasimama ameshika geti, mpaka vitufe vikanyamaza.

Ndani, viti viwili vikavutwa.

Hakugonga.