Ndege ya Kutoka Mandera

Kila asubuhi Cherono na Mwihaki walitoka pamoja katika mtaa wa Pioneer, Eldoret, wakatembea hadi shuleni huku wakikwepa bodaboda. Walikuwa majirani na marafiki. Lakini somo la hesabu lilipoanza, Cherono hakuwa rafiki wa mtu. Alitaka kuwa wa kwanza, na alipopitwa alinuna kutwa nzima.

Siku hiyo Mwihaki alifika na furaha tele. Mama yake, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Mandera, alikuwa anarudi nyumbani. Angepanda ndege ndogo hadi Lodwar, kisha aje Eldoret kwa gari, na alikuwa ameahidi kumpigia simu Mwalimu Kiprop mara tu atakapotua. Mwalimu akaona hapo pana somo zuri. Aliwaambia wanafunzi wafungue atlasi, wapime umbali kati ya viwanja vya ndege vya Mandera na Lodwar, kisha wakadirie muda wa safari.

Cherono aliweka rula, akapata kilomita mia saba hivi. Aligawa kwa mwendo wa ndege waliopewa, akanyoosha mkono kabla ya wote. Alisema kwamba kufikia mapumziko ya asubuhi ndege itakuwa imetua.

"Ndege hiyo haiendi moja kwa moja," Mwihaki akasema. "Mama ananiambiaga inatua njiani, inashusha dawa, inachukua wagonjwa. Wewe umehesabu kama hakuna kusimama."

Mwalimu akakubaliana naye. Darasa zima likamcheka Cherono, na moyo ukamchemka kwa hasira.

Mapumziko yakapita, chakula cha mchana kikafika, na simu ya mwalimu haikulia. Mwihaki alianza kuchungulia ofisi ya walimu kila mara. Rafiki mwema angemtuliza. Cherono, kwa roho mbaya, aliona nafasi ya kulipiza kisasi. Alimwambia mbele ya wenzao kwamba ndege iliyochelewa hivyo lazima imeanguka. Mwihaki alipobisha, Cherono aliongeza uongo mtupu, tena kwa uso mkavu.

"Redio ya mpishi imesema sasa hivi. Ndege ya Mandera imeanguka. Hakuna mtu amepona."

Alitaka kumwona akilia, basi. Mwihaki hakulia. Aliangusha sahani, akatoka langoni mbio kwenda kwa nyanya yake, na barabarani hakutazama upande wowote. Bodaboda ikamgonga. Kilio chake kilisikika hadi jikoni. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Alasiri simu ya mwalimu ikalia. Mama Mwihaki alikuwa salama Lodwar. Ndege yao ilikuwa imetua Marsabit kushusha dawa, ikangoja upepo wa vumbi utulie. Alikuwa akicheka kwenye simu, akiomba azungumze na binti yake. Mwalimu Kiprop, ambaye wanafunzi walikuwa wamemweleza maneno ya Cherono, alimjulisha kwamba Mwihaki amepelekwa hospitalini. Cherono alikuwa amesimama kando yake, akasikia kicheko hicho chote.

Kesho yake mwalimu alimpeleka Cherono hospitalini kwa Mwihaki, akakataa kumsemea. Cherono alieleza uongo wake mwenyewe, kisha akaomba msamaha. Mwihaki aligeukia ukuta.

"Mwalimu, mtoe hapa," akasema.

Mama Mwihaki, ambaye hakuwa amelala tangu afike, aliwafuata nje ya wodi. Hakumpigia Cherono kelele.

"Hesabu ukikosea unafuta," alimwambia. "Mguu wa mtoto wangu nitaufuta na nini? Ungekubali kwamba umekosea, wangekucheka kidogo na yangeisha. Badala yake umemwambia mtoto kwamba mamake amekufa. Jambo usilolijua, usilitamke, hata ukiwa umekasirika namna gani."

Cherono aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka.

"Mimi nimekusamehe," mama akasema. "Lakini yeye ndiye uliyemuumiza. Utamngoja mpaka awe tayari, na asipokuwa tayari, huna la kumlaumu."