Walisema Ni Mimba ya Kwanza

Nina miaka sitini na mbili, ndugu wasomaji, na ni daktari wa wanawake hapa Butembo. Nimepokea watoto wengi mno. Nikipita sokoni, vijana wenye ndevu wananiita mama, nami nawajibu kwa utani kwamba niliwaona uchi kabla ya wake zao! Watu wanasema Dokta Masika ana moyo mwepesi. Hawajui... Kuna jambo nimelibeba kifuani tangu wakati wa vita, na leo nalitua mbele yenu.

Kwanza niwaeleze kitu kimoja, maana bila hicho hamtaelewa kilio changu. Kwetu Wanande, jina la mtoto hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mimi ni Masika kwa sababu ni msichana niliyefungua tumbo la mama. Akifungua mvulana, ni Paluku, na mvulana anayemfuata ni Kambale. Wakitangulia wasichana kisha akaja mvulana, huyo ni Muhindo. Akitangulia mvulana kisha akaja msichana, huyo ni Kahindo. Na aliyekufa anabaki na nafasi yake. Hakuna anayeruhusiwa kuikalia.

Nilikuwa na mdogo wangu, Jeannette, kitinda mimba wetu. Mama alifariki Jeannette akiwa bado ananyonya, nikambeba mimi mgongoni. Nilimsuka nywele, nilimpeleka shule, nilimchapa alipoiba sukari. Alikuwa mdogo wangu, lakini moyoni alikuwa mtoto wangu wa kwanza!

Aliolewa Beni na Muhindo, mfanyabiashara mpole mwenye lori lake. Mama mkwe wake, Mama Vitalina, alinipenda sana. Akipanda Butembo alilala kwangu, tukapika sombe, majani ya muhogo, pamoja na kucheka mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani. Alikuwa mtu wa rozari na wa misa ya asubuhi. Ningemshuku kwa lipi?

Kisha vita vikatukuta. Jeshi hili linaingia, lile linatoka, na mwenye bunduki ndiye chifu wa siku hiyo. Jeannette alikuwa na mimba changa risasi zilipolia Beni. Muhindo alikuwa amekwama Kisangani, upande mwingine wa vita. Mama Vitalina akamshika mkono mkaza mwana wake, wakakimbia na umati hadi ng'ambo ya mpaka, Uganda. Miezi ikapita bila habari.

Waliporudi, Jeannette hakuwa na tumbo wala mtoto. Mama Vitalina akaniambia mimba iliharibika mapema, njiani, kwa sababu ya mbio na njaa. Nililia nao. Nilitaka kumpima mdogo wangu, akakataa katakata. Akaniambia, "Yaya, wewe ni dada yangu mukubwa. Utaniangalia uchi namna gani? Naona haya." Kwetu haya ya namna hiyo ni kitu kizito, nikaiheshimu.

Muhindo akarudi, na mwaka uliofuata Jeannette akapata mimba nyingine. Furaha gani! Lakini tena hakutaka nimguse. Alipimwa Beni kwa mkunga mmoja, na Mama Vitalina ndiye aliyejibu maswali yote. Mimba ya ngapi? Ya kwanza kukomaa. Umewahi kupasuliwa? Hapana. Mkunga alimpapasa juu ya kitenge tu, angejuaje?

Jumapili moja nikashuka Beni kuwasalimia. Tulikuwa mezani, tunakula ndizi na samaki, tunamcheka jirani aliyeficha mbuzi wake chini ya kitanda askari wasimwone. Mtoto akapiga teke. Jeannette, aliyeamini amebeba mvulana, akacheka, akaweka mkono tumboni.

"Kambale, tulia! Mama anakula."

Kijiko changu kikasimama. Kambale? Kama mimba ya mwanzo iliharibika mapema, hata mtoto wa kupewa jina hakuwepo, mvulana huyu si angekuwa Paluku? Nikauliza kwa kutania. Mama Vitalina akadakia upesi kwamba ni jina la babu, la heshima tu. Jeannette akainamia sahani yake.

Nikamwinua, nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango. Nikamwambia afungue kitenge. Ee Nyamuhanga, Mungu wetu! Chini ya kitovu, kovu nene lilishuka hadi kinenani, limekunjamana. Ngozi ilisema wazi kwamba kidonda kilioza kabla ya kupona.

Akaniambia yote kwa machozi. Walimpasua huko ng'ambo, katika hospitali iliyojaa wakimbizi. Mtoto alikuwa mvulana, na alikuwa hai. Mama Vitalina alimmwagia maji ya ubatizo kwa mkono wake, akamwita Paluku, na kabla ya kidonda cha mama kukauka mtoto akafa, wakamzika. Njiani kurudi, mama mkwe alimwapisha asimwambie mtu. Alisema wajomba wa Muhindo wakisikia amepasuliwa, watasema huyo hawezi kuzaa ukoo, na watamtafutia Muhindo mke mwingine. Kovu? Muhindo aliambiwa ni operesheni ya appendicite, kile kidole cha tumbo. Mwanaume atajua nini?

Nilitoka chumbani nikiwaka moto. Nilimwambia Mama Vitalina maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia mji wa mimba ulioshonwa ni kama gunia lililoshonwa, na gunia likisukumwa kwa nguvu linapasukia pale pale kwenye mshono. Jeannette asisukume! Azalie Butembo, kwenye chumba cha upasuaji, nami niwepo. Mama Vitalina akalia, akashika rozari yake, akaapa kwamba mwezi wa tisa wa mimba ukiingia atampandisha yeye mwenyewe kwenye lori la Muhindo.

Nilitaka kumchukua siku ile ile. Jeannette akaniomba, "Yaya, muniache kwanza nimwambie Muhindo mimi mwenyewe. Asisikie kwa batu." Muhindo alikuwa Kampala kununua mali, lori amemwachia dereva, na alitarajiwa wiki hiyo. Ombi lake lilikuwa la haki, na mwezi wa tisa ulikuwa mbali. Kumbe mpaka ulifungwa, Muhindo akabaki huko huko... na siri ikabaki ndani ya nyumba ile.

Mwezi wa tisa ukaingia. Ndege za askari zilikuwa zinashuka Rughenda, uwanja wetu wa ndege, tangu asubuhi, na watu walinunua chumvi bila kusema kwa nini. Mimi nilisimama kwenye bariera, kizuizi cha askari pale mji unapoanzia, nikilingoja lori. Nilikuwa nimemtandikia kitanda. Nilikuwa nimemchemshia maziwa!

Lori likaja. Lilijaa madumu ya mafuta ya mawese. Nilizunguka nyuma, nikatazama juu, nikatazama kando ya dereva... Jeannette hakuwemo. Dereva akaniambia, "Mama Vitalina anasema hapana leo, Dokta. Jeannette iko na malaria kidogo. Atakuya juma ingine."

Nilikimbilia parokiani, kwenye fonia, ile redio tuliyokuwa tunaitumia kuzungumza na Beni. Jibu likarudi kwamba niache wasiwasi, kila kitu kiko muzuri. Kesho yake mapigano yakazuka barabarani na njia ikafungwa. Nikawa napasua wake za wengine huku nikisikiliza mizinga upande aliko wangu.

Kisha asubuhi moja parokia ikaniita. Sauti ya fonia ilikuwa inakwaruza, lakini furaha yake ilisikika. "Jeannette amezala! Mutoto muke! Amezala na nguvu yake mwenyewe, bila kisu! Mama Vitalina anasema mufurahi!"

Watu waliokuwa pale wakapiga makofi. Mtu akanikumbatia. Mimi nikamsukuma, nikashika kile kifaa kwa mikono miwili, nikauliza: viganja vyake vina rangi gani? Tumbo liko laini au gumu? Anasema nini? Upande wa pili wakacheka, wakasema madaktari hawajui kufurahi. Alikuwa na kizunguzungu kidogo tu, wakasema. Na bega lilikuwa linamuuma.

Bega! Ndugu zangu, damu ikimwagika ndani ya tumbo, wakati mwingine bega ndilo linalolia. Nje unaona matone machache, unasema amezaa salama. Ndani mtu anaisha.

Nani angenipeleka Beni siku ile? Wenye magari waliniangalia kana kwamba nimeomba roho zao. Ni Mzee Salumu peke yake, msafirishaji Mwislamu ambaye binti yake nilimzalisha, aliyechukua funguo. Akasema bismillahi, tukaondoka. Kila bariera askari walitusimamisha kwa Kilingala, "Bokei wapi?" yaani mnaenda wapi. Kila bariera nilivua saa, au shanga, au koti, nikawaachia. Tulipita karibu na nyumba zilizokuwa bado zinatoa moshi. Mzee Salumu hakugeuza shingo, nami sikugeuza.

Tulifika jua likiwa bado juu. Kabla sijashuka nilisikia vigelegele. Wanawake walikuwa wanacheza uani, kasiksi, pombe ya ndizi, inazunguka, na Mama Vitalina amefunga kitenge kipya. Alinikimbilia mikono wazi.

"Dokta, umeona? Mulisema hataweza. Ameweza!"

Nilimpita. Jeannette alikuwa amelala chumbani peke yake, mtoto pembeni, na midomo yake haikuwa na rangi. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Kando ya kitanda kulikuwa na kikombe chenye mabaki ya majani ya kijani. Ni dawa ya kusukuma. Walikuwa wamemnywesha dawa ya kusukuma, yeye mwenye mshono uliooza!

Alifungua macho. "Yaya, umekuya... Nilijua utakuya." Nikamwambia asiseme, tunaenda hospitali. Akaniomba nisimgombeze mama mkwe wake, kwamba alifanya kwa kumpenda. Tukamkunja kwenye blanketi, tukamweka nyuma ya gari, nikamlaza mapajani kama nilivyomlaza akiwa mtoto. Hospitali haikuwa mbali... Aliniuliza kama Paluku anasikia baridi kule alikozikwa. Nikamwambia hapana, mama, hasikii baridi. Tulipofika mlangoni, nilikuwa nimeshika maiti.

Mimi, daktari! Nimeokoa wake wa watu nisiowajua, na niliyemlea mgongoni amenifia mapajani, kwa ugonjwa ninaoujua kuliko jina langu! Niambieni, nimlaumu nani?

Mpaka ulifunguliwa siku za matanga, na Muhindo akafika na vumbi la safari usoni. Alilia kama ng'ombe. Aliambiwa mke wake amekufa kwa kuzaa, kama wanawake wengine wanavyokufa, ni mapenzi ya Mungu. Wazee walikuwepo, wajomba walikuwepo. Mama Vitalina akasimama na mtoto mikononi, akasema kwamba huyu ni msichana aliyefungua tumbo, basi ataitwa Masika, na hivyo atakuwa amebeba pia jina la shangazi... la mama yake mkubwa, Dokta. Watu wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Alikosea hata neno la undugu, kwa woga.

Nilikumbuka ombi la Jeannette kwamba nisimgombeze, na sikumgombeza. Lakini jina langu kulitumia kumfunika mtoto aliyekufa? Hapo nikasimama.

"Huyu hapana Masika," nikasema. "Huyu ni Kahindo."

Hata watoto walijua maana yake. Muhindo akaniangalia, akamwangalia mama yake, akahesabu kichwani. Kisha akauliza polepole, "Kahindo? Sasa Paluku wangu iko wapi?"

Mama Vitalina akaanguka magoti. Alisema yote pale pale, mbele ya wajomba aliowaogopa. Na mnajua wajomba walisema nini? Mkubwa wao alijifuta macho, akauliza, "Ni nani alikuambia tutamufukuza? Muke yangu mwenyewe walimupasula mara mbili!" Mdogo wangu alikufa kwa kuogopa neno ambalo hakuna mtu angelisema.

Muhindo alivuka mpaka kutafuta kaburi la Paluku. Hakulipata. Mama Vitalina naye hakuishi muda mrefu. Nilimsamehe siku ya mwisho, si kwa wema wangu, bali kwa ajili ya Jeannette. Kahindo nilimlea mimi, mgongo ule ule.

Tangu hapo sijawahi kumuuliza mwanamke, "Ni mimba ya ngapi?" Swali hilo watu hulijibu kwa aibu. Namwambia, "Mama, nitajie majina ya watoto wako wote, na waliolala pia." Kisha naweka kalamu chini. Wengine wanalia. Wengine wanafunga mlango, halafu wananionyesha kovu.

Dada zangu, nawapigia magoti. Kovu lako si aibu, ni njia ambayo mtoto alipita. Lionyeshe! Umwonyeshe mkunga, umwambie mume, usimwachie mama mkwe akujibie. Ukishapasuliwa, usikubali kikombe cha majani, hata kikitoka kwa mtu anayekupenda. Na nyinyi wenye wakaza mwana, mkiona mama aliyejifungua anapauka, akilalamikia bega, acheni ngoma, mkimbizeni hospitali!

Wiki iliyopita Kahindo alikuja kwenye maternité yangu, wodi ya wazazi, na tumbo lake limeanza kuonekana. Muuguzi mgeni, asiye wa huku kwetu, alikuwa anamwandikisha, akamuuliza kama yeye ni mtoto wa kwanza kwa mama yake. Nilikuwa mlangoni, hakuniona.

"Hapana," akajibu. "Mimi ni Kahindo. Paluku alinitangulia."