Supu ya Mama Qin

Jioni ile kulikuwa na manyunyu, na Qin Dashui alikuwa uani akipanga vizimba vya paka kungoja lori la kwenda Guangdong. Paka arobaini na kitu, wamebanwa kwenye waya hadi mguu wa huyu uko mdomoni mwa yule. Huko wangepikwa chungu kimoja na nyoka, mlo wa wenye nazo msimu wa baridi.

Sebuleni, hatua kumi tu kutoka pale, mama yake alikuwa amelazwa juu ya mbao, karatasi nyeupe usoni, taa ya mafuta miguuni. Alikuwa amefariki alfajiri.

"Wahamishe hao paka," mkewe Meijuan alimnong'oneza, ufagio mkononi. "Paka akimruka maiti, maiti huinuka. Na akishika kitu, haachii. Hujui?"

"Hizo ni hadithi za bibi yako. Mama amechoka, amelala. Fagia!"

"Na Ahua je? Mama amekufa akimwita."

Dashui alicheka kwa pua. Ahua alikuwa paka wa mama yake, paka wa madoa, aliyelala naye kitanda kimoja miaka tisa. "Si nilishakwambia alitoroka?"

Hakutoroka. Siku tatu kabla, mama alipogoma kula, Dashui alimchinja Ahua nyuma ya choo, akamchemsha kwa tangawizi, akamlisha mama yake kijiko kwa kijiko. Hakuwa na shida ya nyama. Alitaka tu kuona kama mama angejua.

"Nyama gani hii, mwanangu?"

"Sungura."

"Tamu," alisema mama. "Kipande kimoja mwekee Ahua, akirudi."

Sasa, alipokuwa akiinua kizimba cha mwisho, komeo lilifyatuka. Paka wa kijivu akachomoka, akapita katikati ya miguu yake, akaingia ndani. Dashui akamfuata na fimbo. Paka akaparamia meza ya matambiko ya wahenga, akajikunja...

Akaruka juu ya maiti.

Uani, paka wote wakanyamaza kwa mpigo.

Karatasi usoni mwa mama ikanywea. Ikavimba. Ikanywea tena.

Alikuwa anavuta pumzi.

"Meijuan..."

Harufu ya tangawizi ikajaa sebule. Dashui akainama kumtazama. Mikono miwili ikainuka, ikamkumbatia shingoni, baridi kama barafu, ikamvuta hadi uso wake ukagusa karatasi.

"Ufagio! Mpe ufagio aushike badala yangu!"

Meijuan alikuwa mlangoni, ufagio mkononi. Hakusogea.

"Ahua yuko wapi?" mkewe aliuliza.

"Nakufa, mke wangu..."

"Nimekuuliza, yuko wapi?"

"Mama alimla! Nilimpikia, akamla!"

Mikono ikakaza. Meijuan aliutazama ufagio. Kisha akauegemeza ukutani, taratibu, akatoka nje kuvifungua vizimba.

Waliokuja na jeneza walimkuta Dashui bado anakoroma kwa chini, povu mdomoni. Mzee Pan, mzikaji wa kijiji, alijaribu kuvikunjua vidole vya marehemu, akashindwa. Ikabidi vivunjwe kwa koleo, kimoja baada ya kingine. Na kila kidole kilipovunjika, kooni mwa maiti kulitoka mlio mwembamba...

Nyau.

"Hewa tu hiyo," alisema Mzee Pan. "Maiti hutoa hewa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Walitaka kuamini.

Lakini walipomgeuza Dashui, kisogo chake kilikuwa kimechanwa mifereji, nyama imefunguka hadi mfupa.

"Binti," Mzee Pan alimgeukia Meijuan kwa ukali, "mlimwosha mama yenu bila kumkata kucha?"

"Nilimkata mwenyewe asubuhi, babu. Mpaka kwenye nyama."

Mzee Pan akaunyanyua mkono wa marehemu, akausogeza kwenye taa. Akautazama kwa muda mfupi sana. Kisha akaurudisha ndani ya mkono wa nguo, akaikunja nguo mara mbili juu yake.

"Leteni misumari ya jeneza," alisema. "Sasa hivi. Yote mliyo nayo."