Vitabu vya Uji na Vitabu vya Ugali

Katika shule yetu ya bweni, nje kidogo ya mji wa Eldoret, siku huanza kwa kengele na kuendelea kwa viwiko. Kwenye mabomba ya maji, mwenye kiwiko kikali hunawa kwanza. Kwenye foleni ya kiamshakinywa, mwenye mguu mrefu humkwatua mwenzake na kusonga mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Baridi ya huku ni kali, na mvulana aliyeganda vidole hana subira. Anayechelewa hupata maji ya mwisho, chakula cha mwisho na konde la kwanza.

Hata hivyo, hakuna mahali palipotisha kama maktaba. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Madam Brigid, mwalimu wetu wa Kiingereza, aliufungua mlango kisha akaruka kando upesi, kwa maana alikuwa mwanamke mwenye busara. Sisi wa Gredi ya Nane tuliingia kama ng'ombe walioona chumvi. Tulikanyagana, tukararuana mashati, tukapigana vikumbo hadi rafu zikayumba. Kila mmoja alitaka kitabu cha Kiingereza kilicho kinene.

Hiyo ilikuwa sheria yetu wavulana. Kitabu kililazwa mezani, na kidole gumba kikalazwa ubavuni mwake. Kilichozidi upana wa gumba kiliitwa ugali, chakula cha wanaume. Kisichofika kiliitwa uji. Aliyepatikana na kitabu cha uji alipitishwa katikati ya vitanda bwenini, na kila mwenye kitanda akamtia teke la makalio. Kilichoandikwa ndani ya kitabu hakikutuhusu. Kuuliza kungekuwa ukosefu wa adabu.

Mfalme wa ugali alikuwa Jeconia, mvulana wa Turbo mwenye mabega kama mlango. Tangu muhula uanze alikuwa akibeba riwaya moja nene ajabu, ambayo siku za upepo tuliitumia kuzuia mlango wa bweni usijibamize. Aliketi nayo dirishani, akakunja uso, akafungua kurasa kwa uzito wa hakimu. Tuliiheshimu ile riwaya. Tuliziheshimu zaidi ngumi zilizoishika.

Mtu mmoja tu hakuheshimu chochote. Huyu alikuwa Ng'ang'a, kijana mdogo kutoka Timboroa, aliyesoma vitabu vya uji mchana kweupe. Kila Ijumaa tulimpiga mateke yake kama ilivyo ada. Akimaliza kupigwa alilala kifudifudi, kwa kuwa kuketi hakungewezekana, akaendelea kusoma huku akicheka peke yake.

Siku moja Madam Brigid akatangaza Siku ya Wasomaji. Wazazi wangealikwa, na mwanafunzi mmoja wa Gredi ya Nane angesimama ukumbini kusimulia kwa Kiingereza hadithi ya kitabu alichokisoma muhula huo.

"Mnampendekeza nani?"

"Jeconia!" tukanguruma kwa sauti moja.

Jeconia alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi, akaifungua, akakuta nyoka. Tayari alikuwa amemwambia baba yake kwamba riwaya ile ameimaliza, na baba yake aliahidi kuja kumsikiliza.

Tangu hapo, amani ikahama bwenini. Jeconia alimpiga Javan kofi kwa sababu ya kupiga mluzi. Opiyo, ambaye hakuwa na nia mbaya, alimwuliza, "Hicho kitabu chako kinahusu nini?"

"Kinahusu mambo!" Jeconia alijibu, akamsukuma kutoka kitanda cha juu hadi sakafuni. Opiyo alichechemea wiki nzima, na hakuna aliyeuliza tena habari za mambo.

Jumapili baada ya ibada, tulikuwa tumejilaza bwenini. Jeconia alimwendea Ng'ang'a akiwa na riwaya yake mkononi.

"Wee, hicho cha uji kina hadithi gani?"

"Ya msichana anayeficha mbuzi wa nyanya yake wasiibwe."

"Nisimulie yote. Kwa Kiingereza. Polepole."

"Kwani wewe si una chako?"

"Nimesema unisimulie!"

"Soma mwenyewe, buda. Ni uji tu, hautakuunguza."

Bweni zima likacheka. Ng'ang'a, badala ya kunyamaza, akaongeza, "Hicho chako hukielewi. Tangu muhula uanze uko ukurasa ule ule. Mimi huona."

Kicheko kikakatika. Jeconia aliinua riwaya kwa mikono miwili na kuiteremsha kichwani mwa Ng'ang'a. Kona ya jalada ilipasua ngozi juu ya jicho, na damu ikachuruzika hadi kwenye kitabu cha mbuzi. Alimpiga tena. Ng'ang'a akaanguka kati ya vitanda. Jeconia alimkalia kifuani, akamtwanga ngumi za uso, kushoto, kulia, kushoto. Mwanzoni tulishangilia kama watu walio uwanjani. Kisha tuliona damu ikitoka mdomoni, tukasikia jinsi Ng'ang'a alivyokoroma akitafuta pumzi, na shangwe zikatukauka kooni. Hakuna aliyethubutu kumshika Jeconia.

Ng'ang'a alipapasa chini ya kitanda, mkono wake ukakuta gambuti. Aliizungusha kwa nguvu zake zote. Ilimpata Jeconia kinywani kwa kisigino, na jino la mbele likaruka hadi karibu na mlango. Walibiringishana, wakaumana, wakavutana nywele. Riwaya ilipasuka mgongo na kurasa zikatawanyika kama manyoya ya kuku aliyenyakuliwa na mwewe.

Vita vilimalizwa na Mama Rosebella, matroni wetu, aliyewamwagia ndoo ya maji ya kudekia kisha akawatenganisha kwa kuwavuta masikio. Ng'ang'a alipelekwa mjini kushonwa. Jicho lake lilikuwa limefumba kabisa, na kwa siku kadhaa hatukujua kama lingeona vizuri tena. Siku hizo hakuna aliyempiga mtu teke bwenini. Miguu yenyewe ilikataa.

Jicho lilipona, lakini naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Gichuru, alikuwa ameshaamua: Jeconia aende nyumbani, na asirudi. Baba yake, Mzee Opondo, dereva wa lori, aliitwa. Sisi tuliokuwa tukifagia nje ya ofisi tulifagia mahali pamoja kwa muda mrefu sana.

Mzee Opondo alifika na kuingia ofisini. Aliinua mkono kumpiga mwanawe. Madam Brigid akaudaka hewani.

"Mzee, mkono ndio uliotuleta hapa. Tafadhali, keti."

Mzee akaketi. Madam akaweka mezani ile riwaya, iliyofungwa kwa kamba kama mgonjwa aliyevunjika mbavu.

"Jeconia, inua mkono wa kushoto. Soma ukurasa wa kwanza. Kila neno usilolielewa, kunja kidole."

Jeconia alianza kusoma. Kidole kikakunjwa. Kingine. Kabla hajafika katikati ya ukurasa, mkono mzima ulikuwa umefunga.

"Angalia mkono wako," Madam akasema kwa upole. "Umekuwa ngumi. Sasa niambie ukweli. Umesoma kurasa ngapi?"

Mvulana aliyetutetemesha sote alilia hadi mabega yakamruka. "Huo mmoja tu, Madam. Niliogopa wakinijua watanicheka."

Mzee Opondo akapumua kwa uzito. "Mwanangu, lori likibebeshwa mzigo usio wake, breki hushindwa mteremkoni. Na anayegongwa ni mtu wa watu, aliyekuwa akijitembelea kando ya barabara. Umemwona mtoto wa wenyewe alivyo?"

Madam alimwomba Mwalimu Gichuru ampe Jeconia nafasi moja. Wakakubaliana hivi: amwombe Ng'ang'a msamaha, kisha asimame Siku ya Wasomaji na kusimulia kitabu alichokisoma kweli, kurasa zote. Akishindwa, asihangaike hata kupakia godoro lake kwenye lori la baba yake. Mwalimu Gichuru mwenyewe angelibeba.

Jioni hiyo Madam alimpeleka maktaba. Ng'ang'a alikuwa humo, nyuzi zikiwa bado juu ya jicho. Jeconia alisimama mbele yake, akitazama viatu.

"Nisamehe. Nilikuumiza vibaya."

"Bado linauma."

"Najua. Hata kinywa changu."

"Hicho kilistahili."

"Ndiyo," Jeconia akasema, "kilistahili."

Ng'ang'a akamsogezea kiti. Hakumpa mkono siku hiyo, lakini kiti alimpa.

Wakaanza kutafuta kitabu. Cha kwanza kilifunga ngumi, Jeconia akakirudisha. Cha pili hakikukunja hata kidole kimoja.

"Hicho ushakipita," Madam akasema. "Kitakufurahisha, lakini hakitakuongezea neno jipya. Tafuta kitakachokunja viwili, labda vitatu. Hayo maneno machache utayakisia kutokana na hadithi, na hadithi haitakukimbia. Na usichague kisichokuvutia. Kitabu usichokipenda hutakimaliza hata kikiwa chepesi."

Alijaribu kimoja cha daktari, akapiga miayo. Akajaribu kingine, kuhusu kijana anayelifukuza genge la wezi wa mahindi ya mama yake kwa baiskeli mbovu. Vidole viwili vikakunjwa. Alifungua ukurasa wa pili bila kuambiwa, kisha wa tatu.

"Madam," akasema ghafla, akilaza gumba ubavuni mwa kitabu, "hiki ni uji. Watanipiga mateke."

"Nani aliyekuwa akiwapiga wenzake mateke?"

Jeconia akainamisha kichwa na kuendelea kusoma.

Siku ya Wasomaji, ukumbi ulijaa wazazi. Jeconia alipopanda jukwaani na kitabu chake chembamba, sauti ya Javan ikasikika kutoka nyuma: "Uji! Uji!" Wengine wakadakia. Tuliziona ngumi za Jeconia zikifunga, mishipa ya shingo ikimtoka. Mwalimu Gichuru alijongea karibu na ngazi. Jeconia akavuta pumzi, akafungua vidole kimoja kimoja, akaanza.

Kiingereza chake kilipiga mluzi kupitia pengo la jino. Sentensi zake zilikuwa fupi, lakini zote zilikuwa zake. Alipofika pale wezi wanapomkamata kijana na kumpiga kwa mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe, mama mmoja akaziba mdomo kwa leso. Kijana alipotoroka kupitia shamba la mahindi huku damu ikimziba macho, hata waliokuwa wakizomea walinyamaza. Mgeni mmoja aliuliza ni kwa nini kijana hakulipiza kisasi mwishoni. Jeconia alifikiri, kisha akamjibu kwa Kiingereza kwamba kijana alitaka mahindi ya mama yake, hakutaka meno ya mtu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mzee Opondo alipiga makofi akiwa amesimama, na Mwalimu Gichuru akarudi kwenye kiti chake. Jeconia alikuwa amebaki shuleni.

Nje ya mlango, Javan alimzibia njia, riwaya nene kwapani.

"Ugali umekushinda, sivyo?"

Jeconia alimkamata kola, akambandika ukutani hadi visigino vikaacha ardhi. Tukarudi nyuma. Ng'ang'a peke yake ndiye aliyesogea mbele, akamshika Jeconia mkono. Jeconia alimtazama, kisha akamteremsha Javan taratibu.

"Fungua kitabu chako," akamwambia. "Soma. Inua mkono, ukunje kidole kwa kila neno usilolijua."

Javan alisoma kwa sauti ya chini. Haukupita muda mrefu, mkono wake wote ukafunga. Aliutazama, akatutazama sisi, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa ameficha mkono wake mfukoni.

Madam Brigid alikuwa ametusikia. Alikuja akasimama katikati yetu.

"Kitabu kinene hakina miguu, wavulana. Kitawangoja pale rafuni hadi mtakapokifikia. Leo someni kinachowatosha, kesho mtatoshwa na kikubwa zaidi. Abebaye asichokielewa huishi akiogopa kuulizwa, na mwenye hofu hurusha ngumi kabla swali halijamfikia."