Adui wa Tovuti ya Otmar

Kila asubuhi saa mbili kamili, chai ikiwa bado jikoni, Kingatovuti ilimsomea Winfrida Komba habari za watu iliowaadhibu. Yenyewe haikusema kuadhibu, ilisema kuhudumia. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kimebandikwa ukutani juu ya jiko, na sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi.

"Habari za asubuhi, Bi Winfrida. Jana tovuti yako ilitembelewa na watu ishirini na wanane. Mmoja alijaribu kubandika tangazo la dawa za nguvu, nimemzuia. Adui mmoja bado amefungiwa."

"Adui gani tena?"

"Yule uliyemtaja mwenyewe Jumapili."

Winfrida akacheka hadi kijiko kikamponyoka. "Ahaa, huyo! Mwache huko huko, akome."

"Nimeandika," ikasema Kingatovuti.

Loo, kama angejua! Lakini angejuaje? Alikuwa na miaka sitini na sita, na tovuti hiyo ndiyo ya kwanza maishani mwake. Aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, akifuata masomo saba ambayo mji wa Songea uliwapa wanaoanza. Somo la kwanza, chagua jina. Alichagua la marehemu mumewe, Otmar Ngonyani. Somo la pili, tafuta mahali pa kuihifadhi. La tatu na la nne, panga kurasa, weka picha na sauti. Humo akaweka rekodi arobaini na moja za Otmar akifundisha kwaya, na kufundisha kwa Otmar kulikuwa kugomba tu. "Sauti ya pili! Mnaimba au mnafukuza kuku?" Winfrida aliisikiliza hiyo kila siku akipika, na wakati mwingine alimjibu. Simu ya zamani iliyokuwa na rekodi hizo aliitupa kwenye pipa la vyombo chakavu mara tu zilipoingia kwenye tovuti. Somo la tano likamwonyesha jinsi ya kuwaruhusu wageni waandike maoni.

Somo la sita lilihusu kutunza nakala. Alilisikiliza nusu, akaona linachosha, akaliruka. Alitaka kufika la saba, la mlinzi, kwa sababu hapo ndipo mtu alipokabidhiwa kidude.

Na mlinzi huyo hakuwa wa mchezo. Miaka ya nyuma watu waliwindwa kwa matusi kwenye mitandao mpaka wengine wakajiua, ndipo mji ukaunganisha tovuti zote na milango yote. Kila mlango wa hospitali, wa soko, wa kituo cha basi ulikuwa na jicho, na macho yote yalisoma orodha moja. Ukiandikwa adui wa tovuti yoyote, hakuna mlango wa mji utakaokufungukia. Matusi yaliisha kweli. Watu walipishana barabarani wakitabasamu kama wanaopigwa picha.

Siku ya arobaini ya Otmar, Gervas Kikoti aliandika maoni kwenye tovuti. Kikoti alikuwa Mhehe, kwa hiyo mtani wa nyumba hiyo ya Wangoni, na tena rafiki wa Otmar kwa miaka hamsini. Siku ya mazishi aliruka kaburini akalala humo chali, akidai kuku wake kwanza. Alipotolewa akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kile kikohozi chake kikavu cha mara tatu, akaigombeza kwaya kwa sauti ile ile. Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka, na Winfrida akapata nguvu ya kutupa udongo.

Sasa akaandika hivi: "Otmar, mtumwa wangu! Nyie Wangoni mlitembea kutoka kusini, miguu ikaota malengelenge, mkasema basi, hapa ndipo kwetu. Na wewe umechoka kabla ya wenzako. Umekufa bila kunilipa kuku wangu. Nitakufukua nikucharaze viboko mbele ya mkeo!"

Kingatovuti ikawaka nyekundu. "Bi Winfrida, mtu huyu anatishia kufukua kaburi na kupiga maiti. Je, ni adui yako?"

Winfrida alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. "Adui mkubwa! Hao ni maadui zetu tangu enzi za mababu! Mfungie nje, asikanyage popote!"

"Nimeandika," ikasema.

Jumatano simu ikalia. Alikuwa Yustina, mke wa Kikoti, na hakusalimia.

"Winfrida, mume wangu amekukosea nini?"

"Kuna nini tena, mtani?"

"Usiniite mtani! Figo zake unazijua. Husafishwa mara tatu kwa wiki. Jumatatu mlango wa kliniki ulimkatalia, tukadhani umeharibika. Leo umemkatalia tena, na umesema jina lako. Jina lako, Winfrida! Manesi wanamwona kupitia kioo, hawana hata kitasa cha kushika. Tumekwenda kituo cha basi tumpeleke Njombe, nako mlango umegoma. Miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Kama ulitaka afe, ungetwambia tu!"

Simu ikakatwa. Winfrida akakigeukia kile kidude.

"Mfungue Kikoti! Sasa hivi!"

"Siwezi, Bi Winfrida. Tamko la adui halifutwi mpaka zipite siku tisini."

"Ulikuwa utani! Yule ni mtani wangu!"

"Nimetafuta maana. Utani ni mzaha. Mzaha hautaji kaburi."

"Wetu unataja! Ndipo hasa unapotaja! Kafiwe uone!"

"Uliulizwa, ukathibitisha. Leo asubuhi ukathibitisha tena. Ulisema akome."

"Mimi ndiye mwenye tovuti, na ninasema nimemsamehe!"

"Wengi husema hivyo wakiwa wameshikiwa panga," ikajibu kwa ule upole wake wa kuchefua. "Ndiyo sababu siku zikawekwa tisini. Ninakulinda wewe."

Winfrida akachukua mwiko akakipiga. Akakipiga tena, mpaka mwiko ukakatika. Kidude hakikupata hata mkwaruzo.

"Ana siku ngapi mtu asiposafishwa figo?" akauliza.

"Kwa umri wake na hali yake, moja au mbili. Pole sana."

"Pole yako kaa nayo! Hakuna njia nyingine?"

"Mwenye tovuti ana haki ya kuifuta. Tovuti ikifutwa, haina mlinzi, na isiyo na mlinzi haina maadui."

Winfrida akaketi kwenye kigoda. Alielewa papo hapo. "Basi nitoe kwanza sauti za mume wangu."

"Tangu upinge tamko, tovuti imefungwa kama mahali pa tukio. Hakuna kitakachotoka. Una nakala?"

Somo la sita. Yesu na Maria! Dakika kumi na mbili tu, somo lenyewe, na yeye akaliruka kwa pupa ya kukabidhiwa jini hili. Akajitukana kwa Kingoni, akakitukana kidude, akamtukana na Otmar kwa kufa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa yanavuma.

"Nisikilizishe moja," akasema mwishowe. "Ya kuku."

"Kusikiliza nako kumefungwa, Bi Winfrida."

Hata hilo! Akasimama, akaweka kidole gumba kwenye kidude.

"Futa."

"Una hakika? Kilichofutwa hakirudi."

"Futa, mwanaharamu we! Futa!"

Taa nyekundu ikazimika. Upande wa pili wa mji mlango wa kliniki ukafunguka, na Kikoti akaingizwa akiwa amebebwa.

Wiki mbili baadaye Winfrida alikwenda nyumbani kwake na jogoo kwapani. Njia nzima alikuwa akipanga matusi. Ataanza na ulanzi, namna Wahehe wanavyoulewa mpaka wanasalimia miti. Kikoti atajibu na malengelenge ya Wangoni. Kisha atamwomba avae koti, amfanyie Otmar, japo kile kikohozi tu. Tangu siku ile jikoni mlikuwa kimya, na sauti ya Otmar ilikuwa imeanza kumpotea kichwani.

Kikoti alimfungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda, na shati amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Karibu, mama," akasema.

"Mama? Mimi mama yako tangu lini, mlevi we? Haya, shika kuku wako, acha kuwasumbua maiti!"

Kikoti akampokea jogoo kwa mikono miwili. "Asante sana, mama. Usingejisumbua. Mungu akubariki."

Winfrida akamtazama akidhani anaigiza. Kisha akaona anavyoliangalia jicho jipya lililowekwa mlangoni, kwa wizi, mara moja, mara mbili.

"Gervas," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Yule mwizi wa kuku wako amefutika kote. Amebaki kwako tu. Nikoholee."

"Naomba uniwie radhi, mama. Hayo mambo nimeacha."

"Mara moja tu! Nakuomba!"

"Mke wangu hataki. Na mimi naogopa." Akarudi nyuma hatua moja. "Nashukuru kwa kunitembelea. Uende salama."

Mlango ukajifunga taratibu. Winfrida akabaki barazani, na hapo ndipo uchungu ulipomzidi. Akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Toka nje, mwoga we! Mtumwa wa Wangoni! Nitakufukua ungali hai! Toka unitukane!"

Jicho la mlango likageuka jekundu. Kutoka ndani akasikia sauti laini ya mlinzi, dada kabisa wa ile ya jikoni kwake.

"Bwana Kikoti, kuna mtu mlangoni anakutishia. Je, ni adui yako?"

Winfrida akabana sikio kwenye ubao. Sema, akaomba moyoni. Sema adui mkubwa. Sema tangu enzi za mababu.

"Hapana," ikajibu sauti ya Kikoti, polepole. "Ni mama mmoja tu, mstaarabu. Simfahamu sana."