Kamba Hadi Fundo Jekundu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapchap alimsaidia shangazi yake kwenye vizimba vya samaki. Vizimba hivyo, nyavu zilizofungwa kwenye mapipa matupu, vilielea ziwani karibu na gati. Shangazi aliandaa chakula cha samaki, naye Chapchap alipima joto la maji. Alitakiwa kupima juu, kisha ashushe kipimajoto kwa kamba mpaka fundo jekundu lizame, apime na chini. Majibu aliyaandika kwa chaki ukutani mwa banda.

Msichana huyo hakuitwa Chapchap bure. Alikuwa akipiga mswaki huku anafunga viatu! Kamba nayo ilikuwa ndefu, yenye utelezi, na ilimlowesha sare. Basi akaanza kuipiga chenga. Alipima juu tu, na joto la chini akalikisia. Alijiambia kwamba maji ni maji.

Asubuhi moja walikuta samaki wamejazana juu, midomo wazi. Ziwa lilikuwa shwari, kama lilivyokuwa kwa siku nyingi.

"Maskini, wana njaa hawa!" alisema Shangazi, akachota ndoo nzima ya chakula. Lakini kwanza akampigia simu Bwana Samaki, afisa wa uvuvi.

"Subiri kwanza, mama," alisema Bwana Samaki. "Joto la chini likoje?"

Shangazi akatazama ukutani. "Karibu sawa na la juu."

"Basi maji yanachanganyika vizuri. Huenda ni njaa kweli. Wape."

Chapchap alizitazama namba zake ukutani. Samaki wale ndio walioilisha nyumba yao. Aliona aibu, akaogopa, lakini ndoo ilikuwa tayari imeinuliwa.

"Shangazi, usiwape! Joto la chini sikupima. Nililitunga tu."

Shangazi alimkazia macho. "Umetunga?"

"Wiki nzima. Nisamehe, shangazi."

"Hayo tutayazungumza baadaye. Shika kamba!"

Safari hii Chapchap aliishusha mpaka fundo jekundu likazama, akasubiri bila haraka. Kipimajoto kilipotoka, ilionekana wazi kwamba chini kulikuwa na baridi kuliko juu, tena kwa mbali sana.

"Kumbe!" alisema Bwana Samaki alipoambiwa. "Hiyo si njaa, hao wanatafuta hewa. Mwaka huu bahari ya mbali imepata joto kuliko kawaida, na hali ya hewa imebadilika mpaka huku kwetu. Jua kali, upepo hakuna. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na bila upepo ya juu na ya chini hayachanganyiki, kwa hiyo ya chini yanaishiwa hewa kabisa. Mkimwaga chakula kikaoza humo, kitamaliza hata hiyo iliyobaki. Vuteni vizimba mpaka mlango wa mto. Pale maji ni baridi na yanatembea."

Jirani yao, fundi wa mashua, aliwasha injini bila kuombwa mara mbili. Walivuta taratibu, Chapchap akishikilia nyavu zisijikunje. Samaki wachache walikuwa wameshakufa. Lakini walipofika mlango wa mto, waliobaki walianza kufunga midomo na kuzama, mmoja mmoja, kisha kundi zima. Shangazi akacheka kwa furaha mpaka akaketi.

Kisha akamvuta Chapchap karibu.

"Bahari ikipata joto huko mbali, mimi na wewe hatuwezi kuipoza," alisema. "Tunaweza kujua mapema na kuwahi, kama tulivyowahi leo kwa sababu umesema kweli. Siku ukichoka, niambie hujapima, nitapima mwenyewe. Lakini ukinidanganya, mwanangu, nitakuamini. Ndoo nilikuwa nimeshaiinua."