Sura Isiyo na Mwenyewe

Sihaba alipomaliza kuchora mdomo usoni mwa Twalibu, aligundua kwamba rangi ina joto. Halikuwa joto la ngozi ya mumewe, maana shingo yake ilikuwa baridi. Ilikuwa rangi yenyewe, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Akapangusa kidole kwenye kanga.

Sihaba alikuwa mpambaji wa maharusi pale Kibiti. Twalibu alichekesha watoto, uso umepakwa rangi, kwenye mahafali ya chekechea na sherehe za kuzaliwa. Lakini tangu mafuriko yaliyowakuta Mohoro, maji yalipompokonya binti yao Zuhra mgongoni mwake wakikimbilia mwinuko, hakuwa amemchekesha mtu. Maiti haikupatikana. Twalibu alishinda kutwa akitazama mikono yake.

Ndipo Sihaba akamwambia wabuni mchekeshaji mpya, asiyefanana na yeyote, bila ile pua nyekundu ya kila mtu. Walichora, wakafuta, wakachora tena, na mara moja moja wakacheka. Mwishowe sura ikapatikana: uso mweupe, nyusi moja imepanda kama ya mtu anayeshangaa, mashavu ya buluu, na mdomo mdogo mno, wa kitoto. Weupe ule ulikuwa udongo wa ukingo wa mto, kutoka palepale Zuhra alipoonekana mara ya mwisho. Sihaba alitaka kitu cha mwanawe kiwemo. Hakumwambia mumewe.

Kwenye mahafali ya kwanza watoto walicheka mpaka walimu wakaingiwa na wasiwasi, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Twalibu akamgeukia mkewe katikati ya uwanja, akasema kwa sauti nyembamba ya Zuhra:

"Mama, nimelowa."

Alipofutwa rangi hakukumbuka kitu. Shati lake lilikuwa limelowa chapachapa na linanuka tope.

Mtu mwingine angeutupa ule udongo. Sihaba alimpaka tena kesho yake mchana, mlango umefungwa, akimwambia ni mazoezi, na sauti ikaja, ikaomba uji. Akampaka tena, na tena, wala hapakuwa na shughuli yoyote ya kwenda, na kila alipompaka sauti ilikaa zaidi na Twalibu alirudi amepungua zaidi, midomo imepasuka, macho yameingia ndani, akikohoa maji yenye mchanga, na nyumba nzima ikanuka mto mpaka majirani wakawa wanapita upande wa pili wa njia, na Sihaba aliyaona yote hayo, akayaogopa, na bado mkono wake ukarudi kwenye kopo la udongo.

Shangazi yake Twalibu, Bi Kuruthumu, alipokuja kuwajulia hali aliisikia sauti ile kutoka barazani. Alikwenda Ngarambe akarudi na mganga, Mzee Mwinyimvua. Mzee alimtazama Twalibu aliyeketi na ile sura iliyochorwa, akamvuta Sihaba pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba yule ni jini wa mto, aliyeikuta sura mpya ambayo haijawahi kuwa ya mtu, akaingia kama anayeingia nyumba tupu.

"Ameijuaje sauti ya mwanangu?" Sihaba aliuliza.

"Amekaa kwenye maji yaliyomchukua, binti yangu. Ukimwacha, atamchukua na mumeo. Aliyeichora ndiye aifute. Akikuita usimwitikie."

Bi Kuruthumu akafukiza ubani, mzee akaanza kusoma. Sihaba alichovya kitambaa kwenye mafuta ya nazi, akaanza na nyusi.

"Mama, unanifuta."

Akauma pindo la kanga, akafuta mashavu.

"Mama, kule kuna giza. Nishike."

Mdomo ulibaki peke yake kwenye uso wa mumewe, ukitetemeka, ukimwita, na mkono wa Sihaba ukasimama. Bi Kuruthumu alimshika kiwiko, bila kumsukuma. Sihaba akafuta. Twalibu akatapika maji meusi, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba, kisha harufu ya tope ikaondoka chumbani.

Jioni ile, mzee amekwishaondoka, Twalibu alikunywa chai kwa shida. Akasema shangazi amemhadithia kila kitu. Akaweka kikombe chini.

"Zuhra aliniulizia?"

Sihaba alizipitia akilini siku zote zile. Uji, baridi, mwanasesere wake, giza. Hata mara moja halikutajwa jina la baba.

"Kila siku," akasema. "Alisema hukumwachia. Maji ndiyo yalimchukua."

Twalibu akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Sihaba akamkumbatia kichwa, akakilaza kifuani. Na huku akimbembeleza, alijikuta anatega sikio ndani ya kile kilio kizito cha mwanamume, akitafuta sauti nyembamba. Haikuwamo. Akaendelea kusikiliza.